Nyimbo zilizorekodiwa kwa kompyuta: kuna faida ya kuzitoa kwenye santuri?

Mpenzi wa Udi: Assalamu alaikum ndugu zangu. Kikundi chetu cha taarabu kimemaliza kurekodi nyimbo sita hapa Mombasa, na kila ala, kuanzia udi hadi fidla, iliingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Mfadhili wetu anataka zitolewe kwenye santuri, akidai kwamba sauti itakuwa ya asili zaidi. Je, kuna faida ya kweli, au tutakuwa tunalipia jalada tu?

Fundi wa Majengo: Waalaikumu salaam. Kisichonaswa hakirudishwi na santuri. CD ya kawaida, yenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, hubeba masafa yote ambayo sikio la binadamu husikia. Wala jambo hili si geni: albamu ya mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder ya mwaka 1979 ilirekodiwa kidijitali ikauzwa kwenye santuri, kabla CD hazijaingia sokoni mwaka 1982. Faida, ikiwapo, hutoka kwa anayeandaa masta, yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala hutolewa. Masta ya mtandaoni mara nyingi hubanwa, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa hupunguzwa, ili wimbo usikike kwa kishindo hata kwenye simu, ilhali ya santuri haihitaji kubanwa hivyo, na mapigo ya dumbaki hubaki na uhai wake. Mkipeleka faili ileile iliyobanwa, mtapata ubanaji uleule na mikwaruzo ya sindano juu yake.

Mjukuu wa Mzee Santuri: Nakubaliana na Fundi, ila ameruka suala la urefu, ambalo kwa taarabu ndilo zito. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba dakika 20 hivi kwa sauti nzuri. Mkizidisha, mifereji ambamo sindano hupita husongamana na sauti hushuka. (Kwenye santuri ndogo za zamani, wimbo mrefu ulikatwa katikati, ukamaliziwa upande wa pili.) Tena, karibu na kitovu mfereji hupita chini ya sindano polepole zaidi, na herufi s na sh za mwimbaji huanza kukwaruza. Hapo wekeni wimbo mtulivu.

Mpenzi wa Udi: Shukrani. Zetu ni za dakika kumi kumi, kwa hiyo zitaingia nne. Masta ya santuri tuishushe hadi biti 16, kiwango cha undani wa sauti cha CD?

Fundi wa Majengo: Msiishushe. Kama mlirekodi kwa biti 24, mpelekeeni mkataji, yaani anayechonga mifereji ya santuri, hivyo hivyo, na mwambieni besi (sauti nzito) aiweke katikati, kwa maana ikivutwa upande mmoja sindano huruka.