Nywele zangu za kujisokota hutimka zikishakauka: naomba ushauri wa kuzitunza bila kuzinyoosha

Tulizo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nina nywele za asili ambazo hujisokota zenyewe. Si za mawimbi mepesi wala si za kipilipili, bali ziko katikati, na msokoto mmoja unatosha kuzunguka kalamu nene. Hazijawahi kutiwa dawa yoyote. Zikiwa zimelowa hupendeza sana, kwa sababu kila msokoto huonekana umejitenga na mwenzake. Lakini zikishakauka, na hasa siku ambayo hewa imejaa unyevu, misokoto hufumuka, nywele za utosini husimama ovyo, na kichwa kizima huwa timutimu utadhani hakijaguswa na chanuo tangu juzi. Ncha nazo ni kavu na hunasana, ingawa ngozi ya kichwa hutoa mafuta ya kutosha, jambo ambalo linanishangaza.

Utaratibu wangu ni huu. Ninaziosha kwa shampuu karibu kila siku ya pili, ninapaka kondishena kidogo na kuisuuza papo hapo, ninazikausha kwa kuzisugua kwa taulo, na zinapoanza kukauka ninazipiga brashi ili zilale. Mwisho ninapaka mafuta mengi, ambayo huzifanya zing'ae kwa muda mfupi, kisha zinarudi kule kule.

Sitafuti njia ya kuzinyoosha. Ninataka zikae katika umbo lake na zisikatike. Je, tatizo liko kwenye nywele zenyewe, kwenye bidhaa, au kwenye mikono yangu? Wenye uzoefu naomba mnieleze pamoja na sababu, kwa maana majina ya bidhaa nimeshatajiwa mengi mno, na ushauri mwingine unapingana.

Ushungi

Brashi hiyo iweke kando leo leo, dada. Mengine utaelezwa na wengine, lakini hakuna nywele za kujisokota zitakazokaa vizuri huku zinapigwa brashi zikiwa nusu kavu.

Mchanganuzi

Umeomba sababu, basi nitaanza nazo, na ninaomba radhi mapema kwa urefu wa maelezo.

Unywele hujisokota tangu unakotokea. Kijishimo kilichopinda ndani ya ngozi hutoa unywele uliopinda, na ukiukata unywele huo kwa upana utaona kwamba umekaribia kuwa duaradufu badala ya duara kamili. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi husambaa kwa urahisi hadi nchani iwapo unywele umenyooka, ila kwenye unywele wenye mizunguko mingi hukwama karibu na shina. Hilo ndilo linalokushangaza: ngozi yenye mafuta na ncha kavu huishi pamoja kichwani mwa watu wengi wenye nywele kama zako, wala si dalili ya ugonjwa. Halafu, uso wa unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kuanzia shinani kuelekea nchani. Yakilala, unywele huteleza na kung'aa. Yakiinuka au kumeguka kwa kusuguliwa, kwa joto kali au kwa sabuni yenye alikali, kila unywele humnasa jirani yake.

Sasa njoo kwenye maji, ambapo ndipo penye kiini cha swali lako. Umbo la unywele hushikiliwa ndani yake na vifungo vya aina kadhaa, na viwili kati ya hivyo vinakuhusu. Vifungo vya salfa ni imara. Maji hayaviwezi, na ndivyo ambavyo dawa za kunyoosha huvishambulia. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu; huachia unywele unapolowa, na hujifunga upya unapokauka, katika umbo lolote ambalo unywele umekutwa nalo wakati huo. Kwa hiyo muda ulio kati ya kulowa na kukauka ndio unaoamua sura ya nywele zako kwa siku zinazofuata, na wewe katika muda huo huo unazisugua kwa taulo na kuzipiga brashi. Misokoto inatawanyika, kila unywele unakauka peke yake kwa mkunjo wake, na matokeo ndiyo hayo unayoyaona. Hewa yenye unyevu hufanya kazi hiyo hiyo polepole zaidi, kwa kuwa unywele hunyonya mvuke kutoka hewani, huvimba, na vifungo vyake dhaifu huachia na kujifunga tena bila mpangilio. Unywele ambao tayari una kiu na magamba yaliyoinuka hunyonya mvuke huo kwa haraka zaidi.

Jibu langu, basi, ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo iko mikononi mwako, na hiyo ni habari njema, kwa kuwa mikono hubadilishwa bila kununua kitu. Punguza kuosha kwa shampuu hadi mara moja au mbili kwa wiki, na shampuu yenyewe uisugue kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa kuwa povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha urefu wa nywele. Kondishena iwe nyingi, na uiache kwa dakika kadhaa. Viambato vyake vikuu vina chaji chanya, nao unywele, hasa uliochakaa, una chaji hasi, ndiyo maana hung'ang'ania pale palipoharibika na kupunguza msuguano. Nywele zikiwa bado zimejaa kondishena, zitenganishe kwa vidole, kisha kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea shinani. Ukianzia juu utayasukuma mafundo yote yakusanyike chini, na hapo utakata nywele kwa wingi.

Baada ya kusuuza, usizikaushe. Zikiwa bado zinachuruzika maji, paka kondishena ya kuachwa kichwani, kisha jeli, ukizipitisha katikati ya viganja fungu kwa fungu. Halafu inama, zibebe nywele kwa kiganja kutoka nchani na uzibane kuelekea kichwani, uachie, urudie. Maji yanayobaki uyanyonye kwa fulana kuukuu ya pamba kwa kuibinya, bila kusugua. Kisha usiziguse kabisa hadi zikauke. Jeli itafanya utando mgumu unaoshikilia kila msokoto wakati vifungo vinajifunga. Usiogope ugumu huo, kwa sababu nywele zikishakauka kabisa utazifinyanga kwa viganja na ugumu utavunjika, ukabaki ulaini. Watu wengi huichukia jeli kwa kuwa huzigusa nywele kabla ya hatua hiyo ya mwisho.

Nazi Safi

Haya yote ya kemia ni mzunguko mrefu. Mafuta ya nazi asubuhi na jioni, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, yanatosha.

Ushungi

Ndugu Nazi Safi, mafuta ya nazi yana heshima yake, lakini amesema wazi kwamba anapaka mafuta mengi na hali ni ile ile. Mafuta hayaleti maji. Ukiyapaka juu ya unywele mkavu, unaufungia ukavu wake ndani. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa mafuta machache yanayoweza kupenya ndani ya unywele wenyewe, na yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini wakati unywele unavimba na kusinyaa kwa maji. Kwa hiyo mahali pake pazuri ni saa chache kabla ya shampuu, au matone machache viganjani kwa ajili ya kuvunja ule ugumu wa jeli uliotajwa hapo juu. Kuhusu ngozi ya kichwa, mtu mwenye mba asiipake mafuta kwa wingi, kwa sababu hamira (kuvu wadogo wa ngozini) zinazohusishwa na mba hujilisha kwa mafuta.

Tulizo

Nawashukuru sana, hasa Mchanganuzi kwa subira yake. Nina maswali yaliyobaki. Kwanza, kuna wanaonionya nisitumie shampuu yenye salfeti (viambato vikali vya kusafisha na kutoa povu) wala kitu chochote chenye silikoni, na wengine wananicheka kwa kuuliza. Pili, msusi wangu anasema nifanyiwe matibabu ya keratini (protini inayojenga unywele), ambayo anadai hayanyooshi bali hutuliza tu. Tatu, nimeambiwa nitafute kwanza aina ya nywele zangu kwa namba na herufi, na nijaribu unywele wangu kwenye glasi ya maji, nione kama unazama au unaelea, ili nijue kama unanyonya maji haraka. Je, ni lazima?

Mchanganuzi

La tatu ni jepesi. Mpangilio wa namba ulienezwa katika miaka ya 1990 na Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey: namba 1 ni nywele zilizonyooka na 4 ni zile zenye mikunjo midogo kabisa, kisha herufi zikaongezwa. Kwa maelezo yako, zako ziko katika kundi la 3. Lakini namba hiyo inaeleza umbo la mkunjo tu. Haikuambii kama unywele mmoja mmoja ni mwembamba au mnene, na hilo lina uzito zaidi unapochagua bidhaa, kwa kuwa nywele nyembamba hulemewa haraka na krimu nzito, ilhali nene huzivumilia. Jaribio la glasi liache. Unywele mkavu na wenye mafuta huelea hata kama umechakaa. Tazama kichwani mwako: nywele zinazochukua muda mrefu kulowa na muda mrefu kukauka zina magamba yaliyofunga, na zile zinazolowa mara moja na kukauka mara moja zina magamba yaliyo wazi.

Kuhusu salfeti, tatizo ni ukali na mara ngapi. Shampuu kali inayotumika kila siku ya pili huondoa mafuta ambayo tayari hayafiki nchani, kwa hiyo iliyo laini inakufaa zaidi. Silikoni si sumu. Hufunika magamba, hupunguza msuguano, na kwa kweli ni mojawapo ya vitu vinavyozuia utimutimu vizuri zaidi. Ila baadhi yake, kama dimethikoni, hayayeyuki katika maji, na mtu anayeosha kwa kondishena peke yake atayarundika hadi nywele ziwe nzito na zisizong'aa. Anayetaka silikoni atumie shampuu halisi mara kwa mara. Asiyetaka shampuu aachane na silikoni. Ugomvi wote huo unaousikia umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Nitaongeza glisarini, ambayo imo katika kondishena na jeli nyingi. Huvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu wa wastani inasaidia, ila siku za unyevu mwingi inaweza kuzidisha kuvimba, na hewa ikiwa kavu sana inaweza kuyavuta maji kutoka kwenye unywele wenyewe. Kama utimutimu wako huzidi siku za unyevu, soma orodha ya viambato: vimepangwa kuanzia kilicho kingi, na glisarini ikiwa miongoni mwa vya mwanzo, jaribu jeli nyingine isiyokuwa nayo.

Pasi Baridi

Nijibu la keratini, kwa kuwa nimefanya kazi saluni kwa miaka mingi. Jina linadanganya. Katika matibabu mengi ya aina hiyo, kinachoshikilia umbo jipya si keratini, bali kemikali iitwayo fomaldehaidi au viambato vinavyoitoa vikipashwa joto, na ndiyo maana macho ya msusi na ya mteja huwasha wakati pasi ya nywele inapita. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chupa kuandikwa kwamba haina fomaldehaidi haitoshi, kwa sababu methilini glikoli, ambayo ni fomaldehaidi iliyokwisha kuchanganyika na maji, huweza kuandikwa kwa jina lake hilo. Tena wewe umesema hutaki kunyoosha, na baada ya joto hilo msokoto wako unaweza usirudi kama ulivyokuwa.

Kuhusu joto la kawaida, draya haina ubaya ikiwa na kile kifuniko kipana cha kutawanya upepo na ikiwekwa kwenye joto la chini. Inasaidia hata misokoto ikauke bila kuguswa. Pasi ni jambo jingine. Kwenye nyuzi 200 na zaidi keratini ya unywele huanza kuharibika kwa namna isiyorekebishika, na pasi juu ya unywele uliolowa ni balaa zaidi, kwa kuwa maji yaliyo ndani huchemka na kuacha malengelenge ambayo unywele hukatikia hapo hapo.

Tulizo

Nimeelewa. Nimejaribu mfuatano wa Mchanganuzi, na misokoto imekaa vizuri siku ya kwanza. Shida ni asubuhi inayofuata: upande niliolalia umebonyea na umetimka. Pia kuna vinywele vifupi kwenye paji la uso na utosini ambavyo havikubali kulala hata kwa jeli.

Ushungi

Lalia foronya ya satini au ya hariri, au uvae kofia ya kitambaa hicho, kwa sababu pamba husugua na hunyonya. Nywele zikusanye zote utosini na uzifunge kwa kitambaa kilicholegea, ili usizilalie. Asubuhi usizilowanishe zote. Changanya maji na kondishena kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia, unyunyize sehemu iliyobonyea tu, uzungushie msokoto kidoleni kuelekea upande wake wa asili, na uuache ukauke. Usizisuke kwa kukaza kila usiku kwa lengo hilo, kwa kuwa mvuto wa kila siku huzinyonyoa nywele za mbele hadi mashina yake yakafa.

Vinywele vifupi vichunguze kabla ya kuvipigania. Shika kimoja na ukitazame nchani kwenye mwanga. Ncha iliyochongoka taratibu ni ya unywele mpya unaoota, nao hauna kosa. Hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo utahitaji muda kabla haujawa mrefu wa kutosha kujiunga na msokoto wa jirani. Ncha butu au iliyochanika ni ya unywele uliokatika, na vingi vya namna hiyo vikiwa utosini, mahali ambapo brashi hupita kwanza, utajua vilitoka wapi. Zile ncha kavu zinazonasana nazo hazirudishwi kuwa nzima na kondishena yoyote. Zikate kwa mkasi wenye makali, sentimita moja au mbili, nywele zikiwa kavu na katika umbo lake, ili uone kila msokoto unaishia wapi.