gamma(6) yanipa 4.787492 badala ya 120, na tgamma(181) yanipa inf

Kijana wa Mkomani (Lamu)

Assalaam aleikum wanajamvi. Siku ya tatu leo nahangaika na hili.

Mjomba wangu ndiye anayeshika daftari la vyombo vinavyoshusha samaki upande wetu. Vyombo vimo 180, na 30 kati yake huvua kwa nyavu za matundu madogo. Kila mwezi mjomba huokota majina 12 kutoka kikapuni, hivyo 12 akavipimia samaki wake. Mwezi uliopita hakikutokea hata kimoja cha nyavu ndogo, na baadhi ya wavuvi wakaanza kusema kaokota kwa kupendelea. Mzee ameumia sana. Kaniuliza, "Mwanangu, hili haliwezi kutokea lenyewe?" Nikamwambia nitamletea namba.

Nilianza na faktoria (namba kuizidisha na zote zilizo chini yake mpaka 1) kwa kuzidisha tu, ikatoka nan, yaani "si namba". Nikakumbuka kwamba funksheni ya gama ya n+1 ni sawa na faktoria ya n, nikaandika hivi kwa lugha ya programu ya C:

`printf("%f\n", gamma(6));`

Nilitegemea 120. Imetoka 4.787492. Kompaila ni gcc kwenye Linux, nimeweka -lm ya kuunganisha maktaba ya hesabu, na haikunipa onyo lolote. Nikabadilisha kuwa tgamma(6), nikapata 120 sawasawa, nikafurahi. Kisha tgamma(181), inf, yaani isiyo na kikomo. Nimekosea wapi?

Fundi wa Malindi

Waaleikum salaam. Chukua kikokotoo, tafuta logi asilia ya 120. Ni 4.787492. Mashine haikukosea, jina ndilo linalopotosha.

Zamani kwenye 4.2BSD (toleo la mfumo wa Unix), gamma() ilirudisha logi ya gama, si gama yenyewe. 4.3BSD ikaipa jina la lgamma, kisha 4.4BSD ikaitumia gamma() kwa gama halisi. Jina moja likawa na maana mbili kutegemea mashine. Ndiyo maana C99, kiwango cha lugha ya C cha 1999, ikaja na tgamma, ile t ikiwa ya "true", yaani gama ya kweli. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, gamma() bado ni lgamma kwa jina jingine. Usiiandike tena popote. Ukikompaili kwa -std=c99 ungepata onyo, au kosa kwenye gcc mpya, kwa sababu gamma haimo katika kiwango cha C.

Hiyo inf nayo ni kweli tupu. `double`, aina ya namba za desimali unayotumia, inaishia karibu 1.8e308 (yaani 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 308). Faktoria ya mwisho kuingia humo ni ya 170, kama 7.26e306. Ya 180 ni kama 2e329. tgamma hufurika x ikipita 171.62 hivi. Na inf ukiigawa kwa inf unapata ile nan yako ya mwanzo.

Unatafuta njia za kuokota 12 kati ya vyombo 150 visivyo vya nyavu ndogo, ugawe kwa njia za kuokota 12 kati ya 180. Fanya kazi yote katika logi, urudi kwa exp (kinyume cha logi) mwishoni:

`exp(lgamma(151) + lgamma(169) - lgamma(139) - lgamma(181))`

Faktoria ya 12 iko juu na chini, imejifuta yenyewe.

Kijana wa Mkomani (Lamu)

Allah akulipe kheri. Imetoka 0.1038. Ila nina wasiwasi: natoa namba kubwa kutoka namba kubwa, nibaki na kidogo. Niiamini?

Dada wa Shela

Swali zuri, na wengi hawaliulizi. lgamma(181) ni 758.248 na ushei. `double` hubeba tarakimu kama 16. Tatu zimekwisha kabla ya nukta, zimebaki 13 baada yake. Ukipitisha exp, kosa la kiasi hicho nyuma ya nukta linakuwa kosa la uwiano katika jibu. Kwa hiyo una tarakimu 12 au 13 za kuaminika. Kwa vyombo 180 inatosha na kubaki. Kwa namba za mamilioni ungeanza kuumia.

Ndani ya lgamma hakuna uchawi. Katika fdlibm, maktaba ya hesabu ambayo nyingine nyingi zimechota kwayo, x ikifika 8 hutumika mfululizo wa Stirling, fomula ya kukadiria gama ya namba kubwa. Kati ya 2 na 8 huishusha x hatua moja moja mpaka kati ya 2 na 3, na hapo kuna uwiano wa polinomia mbili zilizoandaliwa. Ishara ya gama (chanya au hasi) huwekwa katika signgam, ambayo ni ya programu nzima, kwa hiyo kwenye nyuzi nyingi (threads, sehemu za programu zinazoendeshwa kwa pamoja) tumia lgamma_r. Wewe x zako zote ni chanya, hilo lisikushughulishe.

Lakini kwa majina 12 mimi nisingeita gama kabisa:

`double p = 1;`
`for (int i = 0; i < 12; i++) p *= (150.0 - i) / (180.0 - i);`

Usisahau ile .0. Ukiandika 150 na 180 tupu, C itagawa namba kamili na utapata sifuri.

Kijana wa Mkomani (Lamu)

Nimeendesha zote mbili, zote 0.1038. Lgamma nitaibakisha kwa sababu mjomba anataka kuongeza majina mwakani, na kitanzi nitakiweka pembeni cha kuhakikishia.

Nimekwenda mbele kidogo: kwa miezi 12, uwezekano wa jambo hili kutokea angalau mara moja ni kama 0.73. Nimemwandikia mzee kwa kalamu nyuma ya daftari lake, ukurasa uleule wenye yale majina 12. Ameusoma mara mbili, akauvaa msuli wake mpya, sasa hivi yuko njiani kwenda gatini na ukurasa huo.