Naomba ushauri: kazi za mikono kwa watoto waliopishana umri

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu kazi za mikono zinazoweza kufanywa nyumbani na watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwenzake ambaye hajatimiza miaka 2, bila kununua vifaa maalumu.

Mkubwa hana shida: hukata karatasi kwa mkasi usio na ncha kali, hubandika kwa gundi ya unga uliopikwa, na maboksi matupu huyageuza magari. Ugumu uko kwa mdogo, kwa kuwa kila anachokishika hukipeleka mdomoni. Shanga, vifungo na mbegu nimeziondoa kabisa, maana vitu vidogo kiasi hicho vinaweza kumkaba. Hata kinyunga cha kuchezea, kinachokandwa kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na maji kiasi, kinanitia wasiwasi, kwani chumvi nyingi namna hiyo humdhuru mtoto akiimeza, na unga mbichi nao si salama kuliwa. (Husemwa kwamba ladha yake mbaya humzuia mtoto; huyu haijamzuia.)

Waliolea watoto waliopishana hivi, je, mliwapa shughuli moja kwa pamoja au kila mmoja na yake? Kuna rangi ya kupaka kwa vidole inayoweza kutengenezwa nyumbani bila chumvi wala unga mbichi, tena inayotoka kwenye nguo kwa urahisi? Nitashukuru pia kupata mchezo wowote utakaomtuliza mdogo hata kwa dakika 10, ili mkubwa amalize alichokianza kabla hakijachanwa.