Kisanduku cha mgongano kinavimba kitu kikizunguka, na risasi zinapita ukutani

mjenzi3D

Wakuu, salaam. Nina injini ndogo ya gemu ya 3D kwa C++, bila maktaba yoyote ya fizikia. Kila meshi (umbo lililojengwa kwa pembetatu) nimeifunika kwa kisanduku kilicholala sambamba na mihimili ya dunia (AABB). Vitu ni kama 600, na mambo matatu yananisumbua.

Kitu kikizunguka, kisanduku chake kinavimba. Kinaanza kimebana vizuri, lakini sekunde chache baadaye ni kikubwa mara kadhaa kuliko kitu chenyewe, na hata mzunguko ukisimama hakirudi. Kila fremu (picha moja ya gemu) nachukua pembe 8 za kisanduku, nazizungusha, kisha natafuta upya thamani ndogo na kubwa kwa kila mhimili.

Halafu kuna meshi moja ambayo vipeo vyake (nukta za pembe za pembetatu zake) vyote viko upande wa hasi. Kisanduku chake kinanyooka hadi kwenye (0,0,0). Nyingine hazina shida hiyo.

La mwisho ni risasi: 300 m/s, fremu 60 kwa sekunde, ukuta wa unene wa sentimita 20. Nyingi zinapita kana kwamba ukuta haupo, chache tu ndizo zinagonga.

Ulinganisho wenyewe ni huu:

```
bool gongana(const Sanduku& a, const Sanduku& b) {
  return a.chini.x <= b.juu.x && a.juu.x >= b.chini.x
      && a.chini.y <= b.juu.y && a.juu.y >= b.chini.y
      && a.chini.z <= b.juu.z && a.juu.z >= b.chini.z;
}
```

Nihamie visanduku vinavyozunguka pamoja na kitu (OBB)?

---

pembetatu_elfu

Usihamie OBB kwa ajili ya hilo, mkuu. Ulinganisho wako uko sawa kabisa, tatizo liko kwenye data unayoupa.

Unazungusha kisanduku cha fremu iliyopita, ambacho nacho kilitokana na kisanduku cha fremu iliyotangulia. Kila ukifanya hivyo unafunika kifuniko, na nafasi tupu ya pembeni inahesabiwa kama sehemu ya kitu. Chukua kisanduku chenye uso wa mraba kinachozunguka digrii 1 kwa fremu. Upande mpya ni upande wa zamani mara (cos 1° + sin 1°), yaani 1.0173. Inaonekana ndogo, lakini ipandishe kwa kipeo cha 60: ndani ya sekunde moja upande umefika mara 2.8. Na kwa kuwa kizidishi hakishuki chini ya 1, hakuna kitakachokirudisha.

Dawa yake: hifadhi kitovu na nusu-vipimo (umbali kutoka kitovu hadi uso, kwa kila mhimili) vya kisanduku cha awali, katika mfumo wa kitu chenyewe, na usiviguse tena. Kila fremu anza hapo, ukitumia mzunguko wote wa kitu tangu mwanzo, si ule wa fremu moja. Pembe 8 pia huzihitaji. Kuna njia aliyoichapisha James Arvo mwaka 1990 (M ni matriksi ya mzunguko wa kitu, hamisho ni mahali kilipo, kitovu0 na nusu0 ni zile za awali):

```
for (int i = 0; i < 3; ++i) {
  kitovu[i] = hamisho[i];
  nusu[i] = 0;
  for (int j = 0; j < 3; ++j) {
    kitovu[i] += M[i][j] * kitovu0[j];
    nusu[i]   += fabs(M[i][j]) * nusu0[j];
  }
}
```

Hapo kuna kuzidisha mara 18. Pembe 8 zingekula mara 72, na jibu ni lile lile. Hiyo `fabs` ndiyo roho ya msimbo huu. Ukiisahau, nusu-vipimo vitatoka hasi kwenye baadhi ya mizunguko na kitu kitakosa migongano ya kweli.

Kisanduku kitaendelea kupanuka na kusinyaa kadiri kitu kinavyozunguka. Hiyo ni kawaida ya AABB. Kinachotakiwa ni kwamba kitu kikirudi kwenye mkao wake wa kwanza, namba nazo zirudi zile zile.

Kama kitu kinazunguka muda wote na umbo lake halijarefuka sana, kifunike kwa tufe. Tufe halijali mzunguko. Unalinganisha mraba wa umbali wa vitovu na mraba wa jumla ya nusu-vipenyo, wala huhitaji kipeuo cha pili. Ila kitu kikikuzwa tofauti kwa kila mhimili, nusu-kipenyo kizidishwe kwa kile kikubwa kuliko vyote, la sivyo sehemu ya kitu itatokeza nje.

Kuhusu ile meshi ya upande wa hasi, nina hakika karibu kamili kwamba umeanzisha `juu` kwa `std::numeric_limits<float>::min()`. Kwa namba za desimali hiyo si ndogo kuliko zote. Ni namba chanya ndogo mno, kama 1.18 × 10⁻³⁸. Kipeo chenye -3 hakiwezi kuishinda, kwa hiyo `juu` inabaki palepale karibu na sifuri. Tumia `lowest()`, au anzisha `chini` na `juu` kwa kipeo cha kwanza cha meshi na kisha uendelee na vilivyobaki.

---

mwale_mnyoofu

Nadandia la risasi. 300 gawanya kwa 60 ni mita 5 kwa fremu. Unakagua nukta moja kila baada ya mita 5, na ukuta una mita 0.2, kwa hiyo risasi inayokuja kwa digrii 90 na ukuta inanaswa mara 1 kati ya 25. Ndiyo maana unaona chache zinagonga.

Kukata fremu vipande vidogo hakulipi: utahitaji vipande 25 kwa ukuta huo, na ukuta mwembamba zaidi utavuja tena. Badala yake kagua mstari wote kutoka p1 (mahali pa fremu iliyopita) hadi p2 (pa sasa). Weka d = p2 − p1. Kwa kila mhimili tafuta t1 = (chini − p1)/d na t2 = (juu − p1)/d, uzibadilishane kama t1 ni kubwa. Muda wa kuingia ni t1 kubwa kuliko zote tatu, muda wa kutoka ni t2 ndogo kuliko zote tatu. Kuna mgongano ikiwa kuingia hakuzidi kutoka, kuingia hakuzidi 1 (mwisho wa msogeo), na kutoka si chini ya 0 (mwanzo wake).

Mtego uko kwenye d sawa na sifuri. Kwa kawaida mgawanyo unatoa infiniti na hesabu inaenda vizuri, lakini p1 ikiwa juu kabisa ya uso wa kisanduku unapata 0/0, ambayo si namba, na ulinganisho wowote wa kubwa au ndogo nayo ni uongo. Risasi zinazoruka sambamba na sakafu zitakuonyesha hilo mapema. Kwa mhimili huo usigawanye: kama p1 iko nje ya chini na juu, hakuna mgongano, kama iko ndani, ruka mhimili huo.

Risasi yenye nusu-kipenyo r: panua kisanduku cha ukuta kwa r kila upande, kisha kagua mstari vilevile. Kwenye pembe utazidisha kidogo (hadi 0.73r), jambo ambalo kwa risasi ya sentimita 1 halionekani. Kwa mpira mkubwa litaonekana, kwa hiyo pembe zikague kama matufe na kingo kama kapsuli (silinda yenye nusu-tufe kila mwisho).

Ukuta ukiwa unasogea, toa msogeo wake kwenye d. Na risasi moja ikigonga visanduku kadhaa, chukua mgongano wenye muda wa kuingia mdogo kuliko yote, si wa kwanza kwenye orodha.

Kitu ambacho wengi wanakikosa: kama una hatua ya kuchuja jozi kabla ya hapa, kisanduku cha risasi lazima kifunike kutoka p1 hadi p2. Ukikiacha kifunike p2 peke yake, kichujio kitautupa ukuta kabla hujafika kwenye hesabu hii, na utakesha ukitafuta kosa mahali ambapo halipo.

---

jani_na_mzizi

Hakuna aliyegusa idadi. Vitu 600 ni jozi 179,700 kila fremu, yaani karibu milioni 10.8 kwa sekunde. Jengeni mti wa visanduku: majani ni vitu, kila nodi inafunika watoto wake, tawi lisiloguswa linatupwa lote. Kisanduku cha jani kipe ziada kidogo kila upande (Box2D, maktaba ya fizikia ya 2D, toleo la 2 linaweka mita 0.1). Kitu kikiwa bado ndani ya ziada hiyo mti haubadiliki, kikitoka unaling'oa jani na kulipandikiza upya.

---

pembetatu_elfu

Kwa 600 mti ni mapema. Panga vitu kwa `chini.x`, pita orodha, na kwa kila kitu kagua wanaofuata hadi ukutane na ambaye `chini.x` yake imezidi `juu.x` ya huyu. Acha hapo, nenda kwa mwingine. Tumia upangaji wa kuchomeka (insertion sort), kwa sababu kati ya fremu na fremu orodha inakuwa karibu imeshajipanga. Ni mistari kama 20. Cha kuangalia ni mhimili: vitu vikiwa vimetapakaa sakafuni, ukipanga kwa mhimili wa wima vyote vinaingiliana na hujachuja kitu.

Mti naukubali kwa jengo na ardhi, vitu visivyosogea. Unaujenga mara moja na kuutumia muda wote.

---

mjenzi3D

Nimeelewa, shukrani. Nusu-vipimo vimetulia na ile `lowest()` imemaliza la pili. Sasa OBB inahitajika lini hasa? Nina mbao ndefu zinazoanguka, na ubao ukilala mshazari unagonga vitu vilivyo mbali.

---

mwale_mnyoofu

Hapo ndipo mahali pake. Ubao wa mita 2 × 0.1 × 0.1 ukiinama digrii 45, AABB yake ni takriban 1.485 × 1.485 × 0.1. Ujazo umetoka 0.02 hadi 0.22, mara 11, na karibu wote ni hewa. Acha AABB ichuje, kisha jozi zilizobaki zipeleke kwenye OBB.

Kwa OBB mbili unatafuta mhimili unaozitenganisha, yaani ambao vivuli vyao juu yake haviingiliani. Wa kukagua ni 15: nyuso 3 za ya kwanza, nyuso 3 za ya pili, na 9 zinazotokana na kuzidisha kivekta kila kingo ya hii na kila kingo ya ile. Ukipata mmoja tu unaotenganisha, acha hapo hapo. Anza na zile 6 za nyuso, ni rahisi na zinamaliza jozi nyingi.

Zile 9 zina hatari yake. Kingo mbili zikiwa sambamba, zao lao ni vekta ya karibu sifuri, na makosa ya kukadiria yanaweza kukuambia mbao zimetengana wakati zimeingiliana. Mbao zilizopangwa juu kwa juu ndizo zitakazokupa hali hiyo kila mara. Ongeza kama 1e-6 kwenye kila thamani ya `fabs` ya matriksi ya mzunguko kabla ya kulinganisha. Au zikague 6 peke yake kama bado utashuka hadi kukagua pembetatu za meshi zenyewe: utapata migongano michache ya uongo, lakini hutapoteza wa kweli hata mmoja.