Mjadala: Zimamoto ya Nairobi, kaunti inunue magari ama itafute maji kwanza?

Mkaazi wa Umoja
Wadau wa Nairobi, leo nataka tubishane kidogo. Kila soko ama kijiji cha mabanda kikiungua hapa mjini, siku ya pili utasikia MCA mmoja (mjumbe wa bunge la kaunti) City Hall amesimama anadai magari mapya ya zimamoto, magari yakija yanapigwa picha yakiwa yamepangwa laini, halafu tunatulia mpaka moto mwingine uwake. Mimi maoni yangu ni kwamba kabla bajeti ipite, bunge la kaunti liache kwanza hiyo story ya kununua na likague hiyo idara kazi yake inaendaje. Simu imepigwa saa ngapi, gari limetoka saa ngapi, limefika saa ngapi, na likifika lilikuwa na maji kiasi gani. Kazi ya bunge la kaunti kuchunga serikali ya kaunti imeandikwa kwa Katiba, Ibara ya 185, na kuzima moto ni kazi ya kaunti kulingana na Jedwali la Nne, so hakuna wa kusukumiwa lawama huko juu. Tuko na wadi 85. Hata MCA mmoja hawezi uliza vitabu vya rekodi za hizo saa?

Mtu asiniambie shida ni umbali tu. Tarehe 28 Januari 2009 Nakumatt Downtown iliungua pale Kimathi Street, na kituo kikubwa cha zimamoto kiko Tom Mboya, kutoka hapo kwa miguu ni dakika chache tu. Karibu watu 30 walikufa.

Kijana wa Gikomba
Buda wewe unaongea hivyo kwa sababu Umoja haijaungua. Mimi niko na duka la mitumba na nishahesabu moto mpaka nimechoka kuhesabu, ule wa Juni 2018 ulituulia watu 15, na kila mara kitu ya kwanza watu wanauliza ni faya iko wapi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 4,397,073 hapa Nairobi, sasa vituo vyenye watu wengi wanavijua ni Tom Mboya, Enterprise Road na Ruaraka, halafu unataka tukae tukikagua vitabu? Gari litoke Tom Mboya saa kumi na moja jioni lifike Kayole na ile jam ya Jogoo Road, na umeona hizo matatu zinavyopangana, king'ora kinalia na hakuna mtu anasonga. Waongeze vituo, waongeze magari, ukaguzi utafuata.

Afisa wa Usalama, Industrial Area
Mimi kazi yangu ni usalama wa moto kwa kiwanda, so wacha niongee kidogo juu ya maji maana hapo ndio watu huwa hawaelewi.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Ukifungua mpira mmoja tu unaotoa lita 500 kwa dakika, dakika 10 tangi limekauka, na ukifungua miwili ni dakika 5. Gari halikuundwa kuzima moto mkubwa na maji yaliyo ndani, limeundwa lianze na hayo huku wenzako wakiunganisha mpira kwa haidranti, lile bomba la maji ya zimamoto lililo barabarani. Sasa haidranti zenyewe ziko wapi? Nyingine zimejengewa vibanda juu, nyingine zimefunikwa na lami barabara ilipopanuliwa, na hata ile nzima inategemea presha ya maji ya mfereji. Nyinyi nyote mnajua Nairobi maji ni ya mgao, mtaa wako una siku zake. Moto ukiwaka siku isiyo yenu hiyo haidranti ni chuma tu imesimama hapo. So gari linageuka kwenda kujaza, watu wa mtaa wanaona linaondoka wakati nyumba zinaungua, wanaanza kurusha mawe, na hapo hasira ya watu naielewa lakini wanayempiga ni mtu ambaye hakupanga mgao.

Kuhusu Gikomba, hapo kando kuna mto Nairobi. Pampu ya zimamoto inaweza kunyonya maji ya mto, hiyo ni kazi ya kawaida kabisa, lakini mto uliojaa nguo, paperbag na mifupa unaziba kichujio kwa dakika moja. Kungekuwa na mahali pamechimbwa na kusafishwa, kama kisima kando ya mto chenye njia ya gari kufika, hiyo ingewasaidia kuliko gari la tatu. Na ni bei ya simiti na mawe.

Kijana wa Gikomba
Sawa hapo kwa mto umenipata. Lakini bado gari lazima lifike, ama utanyonya na mdomo?

Mama wa Toi
Hehe. Mimi naongea kama mtu wa kibanda. Nikienda kuchukua leseni ya biashara, pesa ya ukaguzi wa moto imo humo ndani, walituunganishia zote pamoja. Nalipa. Na sijawahi ona mtu akija kuangalia kama niko na hata ndoo ya mchanga. Kanjo, askari wa kaunti, wa kunifukuza kwa njia huyo anakuja kila wiki, anajua hadi jina la mtoto wangu. Kwa hivyo kama mnataka kukagua zimamoto mkague pia hiyo pesa yetu inafanya nini. Mnaongea magari na mimi nauliza risiti.

Fundi wa Stima, Mathare
Enyewe mama amesema. Lakini tusidanganyane, moto mwingi wa vijijini huku unaanza na sisi wenyewe, stima ya sambaza, ile ya kuunganishiwa bila mita, waya moja nyembamba imebeba nyumba ishirini, jiko la mkaa, mshumaa, gesi ya kupimiwa. Na zimamoto wakifika hawawezi mwaga maji kabla stima izimwe, sasa sambaza utaizima wapi na hakuna mita? Inabidi watafute kijana anayejua waya imetoka wapi. Mara mbili huyo kijana alikuwa mimi.

Ile plot nilikuwa nakaa kitambo iliungua usiku. Landilodi alikuwa amejenga mpaka kwa njia, akaongeza vyumba vitatu vya mabati, hiyo nafasi ya kupitisha mkokoteni ikaisha. Gari lilisimama kwa lami, tukaliona taa zake, na mipira haikufika. Tulizima na maji ya mtaro na kubomoa nyumba mbili ili moto usiruke. Kubomoa ndio kulituokoa. Ukinipatia gari kumi mpya siku hiyo zote zingesimama pale pale kwa lami.

Mkaazi wa Umoja
Hiyo ndio nilikuwa nataka mtu aseme. Njia. Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani zilitangazwa na kaunti kuwa eneo maalum la upangaji mwaka wa 2017, watu wa kijiji wakakaa vikao wakachora barabara zao wenyewe. Njia ya gari la zimamoto ni kitu inaanzia kwa ramani.

Mpita Njia
Nyinyi mnaota. Mtaa wa Mradi kule Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, stesheni ya kujaza gesi imelipuka katikati ya makazi, na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ikasema hiyo stesheni ilikuwa imenyimwa kibali mwaka uliotangulia zaidi ya mara moja. Mamlaka inakataa na gesi inaendelea kujazwa. Sasa ukaguzi wa MCA utasaidia nini? Wataunda kamati, wataenda semina Mombasa, watarudi na ripoti yenye picha za wao wenyewe wamevaa helmeti.

Afisa wa Usalama, Industrial Area
Helmeti watavaa hiyo najua 😂 lakini huo mfano wako unanisaidia mimi. Pale gari halikuwa shida. Shida ilikuwa karatasi inasema hapana na hakuna mtu wa kwenda kufunga geti. Hiyo ni kazi ya ukaguzi, na kwa zimamoto wakaguzi na wazimaji ni idara moja, so ukitaka kujua kama wakaguzi wanatoka ofisini lazima ukague idara yote.

Mpita Njia
Na nani atawalazimisha waseme?

Mkaazi wa Umoja
Si lazima tungoje MCA. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mwananchi yeyote anaandika barua anaomba rekodi, ofisi ya umma iko na siku 21 za kujibu. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili halafu kunakuwa na vikao vya wananchi, zile ambazo huwa tunaachia wazee wanaoenda kwa sababu ya soda. Tukiandika sasa majibu yatakuwa yamefika kabla ya hapo. Nimeanza hivi: muda wa simu hadi gari kufika, kwa kila kituo, mwaka mmoja uliopita. Haidranti ngapi zinatoa maji. Pesa ya ukaguzi wa moto ndani ya leseni imekusanywa ngapi na biashara ngapi zilikaguliwa.

Na nikubali kitu moja, Kijana wa Gikomba hujakosea, vituo ni vichache. Tofauti yetu ni nini kinatangulia.

Kijana wa Gikomba
Tofauti yetu ni stoki yangu haina bima. Lakini weka swali la kisima cha mto Gikomba na nitatia sahihi. Usiandike kwa lugha ya maofisa, andika mahali kichujio kinaziba.

Mama wa Toi
Mimi pia naweka sahihi, na risiti zangu za miaka mitatu ziko kwa bati la biskuti. Mtu wa kupiga fotokopi ni nani?

Fundi wa Stima, Mathare
Leta hapa stenji ya Juja Road Jumamosi, kuna cyber. Nikitoka hapo naenda kuzunguka kuangalia haidranti kutoka Pangani hadi Eastleigh, anayetaka tutembee pamoja avae viatu vya kukanyaga matope.