Mtoto anapiga hesabu za mahindi kichwani lakini darasani anapata 18, hii ni akili ya aina gani?

Mama_Mzani
Mbukwenyi wakuu, naombeni mnisaidie maana tangu juzi silali vizuri. Kijana wangu ana miaka 15 yuko form two shule ya kata, mimi nauza mahindi na alizeti hapa Kibaigwa na yeye wikiendi na likizo anakaa na mimi kwenye mzani. Sasa huyu mtoto ukimwambia kilo 37 kwa 850 simu hashiki, anakwambia hapo hapo elfu thelathini na moja mia nne hamsini, mteja akipiga kwenye kikokotoo inakuja ile ile. Lakini mtihani wa hisabati kaleta 18, bailojia 22, fizikia hata sitaki kusema. Likizo hii nikampeleka tusheni mjini Dodoma, ticha wa kule akamjazisha karatasi ya maswali ya kuchagua halafu akaniambia mama huyu ni mwanafunzi wa vitendo, akili yake iko mikononi, kitabu hakiwezi kupanda, usipoteze hela mtoe umpeleke gereji. Gereji mimi siidharau, marehemu baba yake alikuwa fundi. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alikuwa amesimama pale pale anasikia, na tangu siku hiyo daftari hajafungua, nikimuuliza ananijibu mama si wameshasema mimi ni wa vitendo. Kweli kuna akili za aina aina mpaka mwingine kitabu kisipande kabisa?

Ticha_wa_Bahi
Pole sana mama, na mwambie kijana leo leo kwamba aliyoambiwa siyo kweli, usisubiri. Nafundisha sekondari huku Bahi mwaka wa 14 sasa na haya mambo mawili watu wengi wanayachanganya, hata sisi walimu. La kwanza ni akili za aina nyingi, hilo lilitoka kwa Howard Gardner wa chuo kikuu cha Harvard mwaka 1983, akasema akili siyo moja, akataja saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili na mikono, ya maumbo na nafasi, ya kuelewa watu na ya kujielewa mwenyewe, baadaye akaongeza ya kuelewa viumbe na mazingira. Wataalamu wengi wa vipimo vya akili hawakukubaliana naye kwa sababu tangu mwanasaikolojia Spearman mwaka 1904 ilionekana mtoto anayefanya vizuri somo moja mara nyingi anafanya vizuri na mengine, mabishano hayo hayajaisha. Lakini hata Gardner hakusema kila mtu kapewa akili moja tu, alisema wote tunazo zote, tunazidiana viwango.

La pili ndiyo hiyo ya "wa vitendo, wa kuona, wa kusikia". Hiyo ni kitu kingine kabisa na Gardner mwenyewe mwaka 2013 aliandika kwamba watu wanachanganya nadharia yake na mambo hayo. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipitia tafiti wakitafuta kama kweli mtoto akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa kuliko akifundishwa kwa mtindo mwingine, ushahidi wa kutosha hawakuupata. Mtu anaweza kupenda picha kuliko maneno sawa, ila kupenda njia moja hakuzibi nyingine. Angalia zeze letu na marimba alizopeleka mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose mpaka Ulaya, ukitaka kuzijua lazima ushike upige, huwezi kusema mimi ni mtu wa kusoma nipe karatasi. Na ramani lazima uitazame hata kama unajiita mtu wa kusikia. Kitu kinachofundishwa ndicho kinachochagua njia. Kumpa mtoto wa miaka 15 jina moja kwa karatasi moja ya maswali, mimi inanikera sana kwa kweli.

Mzee_Mpwapwa
Mama usihangaike na majina ya wazungu. Sisi tulisoma na koroboi, mtoto akae chini arudie daftari mara kumi mara ishirini litaingia tu. Hizi akili za aina aina zinawapa watoto kisingizio, umeshaona huyo wa kwako keshaanza kukitumia.

Binti_Udom
Shikamoo mzee, kwenye kisingizio niko na wewe kabisa, ila hapo kwenye kurudia daftari mara ishirini naomba niongeze kidogo. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi habari ya kusoma, kundi moja likaisoma mara nne, lingine likaisoma mara moja halafu likafunga karatasi na kujaribu kuikumbuka mara tatu. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne waliongoza, lakini baada ya wiki moja wao walikumbuka asilimia 40 na wale waliojikumbusha asilimia 61. Yaani kusoma tena na tena kunakufanya ujione umeshajua, ukifunga daftari ndiyo unaona mashimo yako wapi.

Mama mimi kilichonigusa ni hizo kilo 37. Kuna utafiti wa Brazil wa mwaka 1985, mji wa Recife, watafiti walienda kununua vitu kwa watoto watano wanaouza mtaani na sokoni, umri kati ya miaka 9 na 15. Pale pale kwenye biashara walipatia hesabu asilimia 98, halafu hesabu za namna ile ile zikaandikwa kwenye karatasi kama za shule, wakapatia kama asilimia 37 tu. Mtoto anayeuza nazi ukimuuliza nazi kumi za 35 anaanza na tatu ni 105, tatu nyingine 210, anaendelea kuongeza mpaka 350. Karatasi ilimtaka afuate kanuni ambayo hajaiunganisha na kile anachokijua. Na jirani zetu Zambia, mwanasaikolojia Robert Serpell alilinganisha watoto wa huko na wa Uingereza, kuchora kwa penseli wa Uingereza wakaongoza, kutengeneza vitu kwa waya wa Zambia wakaongoza, udongo wa kufinyanga wakalingana. Si unajua magari ya waya ya watoto wetu? Kumbe ungepima kwa penseli peke yake ungesema watoto wa Zambia hawana akili ya maumbo.

Na kuna kitu hakuna aliyekitaja bado, LUGHA. Darasa la kwanza mpaka la saba Kiswahili, form one ghafla kila kitu Kiingereza. Mimi mwenyewe form one nilinyamaza mwaka mzima na shule ya msingi nilikuwa wa pili. Hebu chukua mtihani wake wa bailojia umuulize maswali yale yale kwa Kiswahili uone.

Fundi_Changombe
Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dodoma mjini na nisingependa mtoto aletwe gereji kwa sababu kitabu kimemshinda, hao tunawapata na wanateseka. Gari za sasa hivi ukiunganisha kompyuta inakuletea maandishi Kiingereza, mchoro wa waya lazima uusome, usipojua volti na ampea zinahusianaje unachoma vitu vya watu. Mikono yangu haijui kitu kichwa kikiwa hakijui. Dada yangu, huyo kijana kama anapenda ufundi aje likizo nitamkaribisha kwa roho moja, na siku hizi sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulizia, lakini aje kwa kuchagua mwenyewe asije kwa kufukuzwa.

Mama_Mzani
Mungu awabariki. Nimerudi baada ya siku nne maana nilitaka kwanza nijaribu. Jana jioni tukipukuchua mahindi nikamuuliza mmea unapataje chakula chake, jamani alinieleza mpaka jani la alizeti linavyopokea mwanga, akaniambia na hewa inayoingia na inayotoka, na kwenye mtihani hilo swali kapata sifuri. Nikamwambia andika ile kilo 37 unavyoipiga kichwani, akaandika kilo kumi ni 8,500, thelathini ni 25,500, saba ni 5,950, jumlisha. Akaiangalia akasema mama kumbe hii ndiyo ile ya darasani. Halafu akachukua karatasi ya bailojia akapigia mstari maneno asiyoyajua kwenye maswali yenyewe, siyo ya bailojia, ya maswali, yakafika kumi na moja. Ticha wa Bahi naomba uniambie "account for" wanataka mtoto afanye nini, maana lipo kwenye maswali matatu na hapa nyumbani hakuna anayelijua.

Ticha_wa_Bahi
Wanataka aeleze sababu, mama, aseme kwa nini kitu kimetokea. Hayo kumi yaliyobaki yaandike hapa hapa nitayajibu yote usiku huu nikishamaliza kusahihisha.