Kordahi wa "Man Sayarbah al-Malyun": ilikuwaje akagombanisha nchi?

mwana_shihiri

Wakuu, salaam. Nimekutana na vipande vya zamani vya "Man Sayarbah al-Malyun", lile toleo la Kiarabu la mchezo wa maswali wa Waingereza. Mtangazaji suti kali, sauti nzito, anamtesa mtu kwa kunyamaza tu. Nashuka kwenye maoni, nakuta watu wanatukanana kuhusu Yemen! Eti huyu bwana alikuwa waziri, na Saudia ikamfukuza balozi wa Lebanoni kwa ajili yake. Kweli hiyo? Na Mlebanoni alikuwaje anagawa riyali za Saudia?

Abu Salma (Maskati)

Kweli tupu, mkuu.

Nianze na riyali. Kipindi kilikuwa cha MBC, kituo cha televisheni cha Kiarabu, na MBC ni ya Wasaudi, japo kilipoanza mwaka 2000 makao yake yalikuwa bado London. Dubai walihamia 2002. Mwenye mali Msaudi, mtazamaji anayewindwa na matangazo ya biashara Msaudi, basi zawadi nayo ikawa riyali milioni moja. Riyali imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo milioni ile ni kama dola 267,000. Ndogo mbele ya pauni milioni ya Waingereza, lakini nani alikuwa anahesabu?

George Kordahi mwenyewe ni mtu wa redio, alitokea Monte Carlo ya Paris. Swali analisoma kwa Kiarabu fasihi kilichonyooka, mshiriki anamjibu kwa lahaja ya kwao: leo Mmorocco, kesho Mmisri. Shangazi yangu alizaliwa Unguja, Omani kaja mtu mzima. Taarifa ya habari ilikuwa inampita, ila Kordahi alimshika neno kwa neno kwa sababu hana haraka. Anauliza "jawab niha'i?" (jibu la mwisho?), kisha anakaa kimya, anamtazama mtu hadi jasho linamtoka. Shangazi alimwita jini.

Kituko hasa kilikuwa kumpigia rafiki. Sekunde 30 tu, na Waarabu bila salamu hawaanzi. "Assalamu alaykum, kayfa halak, kayfa al-ahl…" (hujambo, watu wa nyumbani hawajambo…) Saa inateremka, shangazi yuko wima sebuleni: "Msomee swali, wewe!"

Sasa siasa. Septemba 2021 Lebanoni iliunda serikali ya Najib Mikati, Kordahi akapewa wizara ya habari kupitia chama cha Marada, washirika wa Hezbollah, kundi la Kishia la Lebanoni lenye silaha linaloungwa mkono na Iran. Agosti, kabla hajateuliwa, alikuwa amerekodi mahojiano akisema vita vya Yemen ni vya upuuzi na kwamba Wahouthi, waasi wa Yemen ambao Saudia ilikuwa inapigana nao, wanajitetea. Yakarushwa mwishoni mwa Oktoba. Saudia ikampa balozi wa Lebanoni saa 48 aondoke na kuzuia bidhaa zote za Lebanoni. Bahrain na Kuwait nazo zikawatimua mabalozi, Falme za Kiarabu ikawaondoa wanadiplomasia wake Beirut. Kordahi akang'ang'ana wiki kadhaa, akajiuzulu Desemba 3, Rais Macron wa Ufaransa akiwa njiani kwenda Saudia.

kijana_wa_dishi

Mtu kala mkate wa MBC miaka yote hiyo halafu anawageukia. Alikosa adabu tu huyo. Na wafanyabiashara wa Lebanoni ndio waliolipa.

Abu Salma (Maskati)

Taratibu, ndugu yangu. Maneno aliyasema akiwa raia wa kawaida, na kufikiri vita ni vya upuuzi si kosa la jinai. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kudhani waziri anaweza kukaa kimya akingoja mwingine avunjike kama alivyozoea studio.

Hao wafanyabiashara nao walianza kuumia kabla yake. Matunda na mboga za Lebanoni Saudia ilishazifungia mlango Aprili 2021, baada ya kukamata vidonge vya Captagon, dawa ya kulevya, vilivyofichwa ndani ya makomamanga. Hata waziri wa mambo ya nje wa Saudia alisema wazi mwaka huo kwamba tatizo ni Hezbollah kuishika Lebanoni, si kauli ya mtu mmoja.

mwana_shihiri

Nimekupata, Abu Salma. Kumbe ugomvi ulikuwa jikoni siku nyingi, Kordahi akaingia na kiberiti. Narudi kwenye vipande vyangu, na maoni siyasomi tena. Msalimie shangazi.